Ndege wa Horombo na Posa ya Ngamiani

Nilichaguliwa kuwa mshenga kwa sababu ya mlima. Katika ukoo wetu wako wazee wanaojua kusema kuliko mimi, na wanaoijua mila ya posa tangu barua mpaka kilemba na mkaja. Lakini mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alishikilia kwamba atakayempelekea barua kwa kina mchumba wake, Ngamiani mjini Tanga, awe mtu aliyesimama kwenye kilele cha Uhuru cha Mlima Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya bahari, kwa kuwa baba wa binti alikuwa na sifa ya kuwatoa washenga jasho.

Habari ya kilele niliijenga mwenyewe, kidogo kidogo, barazani kwenye kahawa, kwa muda wa miezi minne. Mwezi wa kwanza, watu waliponiuliza kama nilifika, nilitabasamu tu nikaomba kikombe kingine. Mwezi wa pili nikawa naieleza baridi ya juu. Ulipofika wa nne, nilikuwa nikionyesha kwa kidole, juu ya sinia ya kashata, mahali hasa alipouwasha Mwenge wa Uhuru wa Tanganyika Luteni Alexander Nyirenda usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Ukweli ni kwamba sikuvuka Horombo.

Horombo ni kituo cha pili katika njia ya Marangu, mita 3,720. Mimi ni mtu wa Raskazoni, Tanga, kando ya bahari. Kabla ya safari ile, mahali pa juu kabisa nilipowahi kulala ni ghorofa ya pili kwa shangazi. Siku ya kwanza tulipanda ndani ya msitu unaotona maji, nikajiona shujaa. Siku ya pili miti ilikwisha, tukaingia katika nchi kavu ya mawe, upepo na majani magumu yaliyoota kwa mafungu, ambako mchana jua hukubabua pua na usiku maji huganda ndooni. Usiku huo kichwa kilinipasuka, na kila nilichokimeza kilirudi kilikotoka.

Alfajiri nilijikokota mpaka mlangoni mwa kibanda, nimevaa makoti matatu ya kukodi, nikakaa kusubiri ama jua ama mauti. Hapo ndipo alipokuja. Alitua juu ya jiwe, hatua mbili kutoka kiatu changu: ndege mdogo wa kahawia, kifua kimejaa, miguu myembamba kama njiti za kiberiti, na mkia mfupi ambao kila alipoutikisa ulifunua weupe pembeni. Alisimama wima kama askari wa zamu, akanitazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili, kana kwamba hakuliamini la kwanza. Halafu akarukaruka hadi kwenye kipande cha kashata kilichonishinda, akakidonoa, ingawa riziki yake hasa ni wadudu. Hakuwa na koti hata moja.

Baadaye nilikuja kujua kwamba wataalamu humwita Pinarochroa sordida. Neno la kwanza lina asili ya Kigiriki na maana yake ni mwenye rangi chafu. La pili ni la Kilatini na maana yake ni mchafu. Yaani waliompa jina walimtukana mara mbili, tena kwa lugha mbili, naye anaendelea na maisha yake bila kinyongo katika vilele vya Ethiopia, Elgon, Mlima Kenya na Kilimanjaro.

Basi ndege yule akapiga mluzi, mwembamba, wenye mlio wa chuma, akaurudia na kuurudia. Nikatoa simu nikamrekodi. Nilipofika Tanga niliufanya wimbo ule kuwa mlio wa simu yangu, ili kila anayenipigia anikumbushie watu ushujaa wangu. Nilikuwa nimesikiliza sekunde chache za mwanzo tu, kwa sababu mimi simu huipokea upesi.

Siku ya posa tulikaribishwa ukumbini, watu saba juu ya mkeka, barua ndani ya kitambaa cheupe. Mzee mwenye nyumba alikaa akichezea tasbihi, wala hakunisaidia kwa neno hata moja. Nilikohoa, nikaanza: "Mzee wangu, tumeona ua katika bustani yako..."

Mluzi ukaanza kulia.

Aliyepiga ni bwana harusi mtarajiwa, aliyekuwa amejibanza nje ya uwanja wa Mkwakwani akiungojea mwisho wa mambo. Ningeitoa simu mfukoni ningevunja heshima. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo mpaka leo sijui lilitoka wapi: nikainua macho nikatazama dari. Watu wote wakatazama dari. Mtoto akatumwa ufagio, akaanza kugongagonga boriti, na vumbi likamshukia baba yangu mdogo kilembani.

"Huyu si shomoro," alisema mzee, akiwa ameinamisha kichwa kusikiliza. "Wala si chiriku. Chiriku nimewafuga."

Ningenyamaza hapo. Lakini sifa ni ugonjwa, nikajibu: "Huyo ni ndege wa Kilimanjaro, mzee."

"Kaja kufanya nini Ngamiani?"

Kabla sijajibu, ndege alinyamaza, na kutoka kifuani mwangu, ndani ya mfuko wa kanzu, ikatoka sauti yangu mwenyewe ikilia: "Mama yangu weee! Nirudisheni Tanga! Kileleni sikutaki, nimekoma!" Ikafuata ya mwongozaji wetu, tulivu kabisa: "Kaka, tulia. Hapa ni Horombo tu. Kilele bado kiko mita elfu mbili na zaidi." Kisha kikafuata kishindo cha mtu anayetapika, kirefu, chenye vituo.

Mtoto aliuangusha ufagio. Baba mdogo alijifunika uso kwa kilemba chenye vumbi. Nyuma ya pazia wanawake walianza kucheka, mmoja akaishiwa pumzi ikabidi apigwe mgongoni. Mzee hakucheka. Alinyoosha mkono, nami nikamkabidhi barua. Akaiweka kando, akanyoosha tena.

"Simu," alisema.

Aliusikiliza wimbo ule tangu mwanzo mpaka kwenye kishindo, akaurudisha nyuma, akausikiliza tena.

"Mshenga," aliuliza hatimaye, "na ndege huyu naye makazi yake yanaishia hapo Horombo?"

"Hapana, mzee. Huonekana hata juu zaidi."

"Basi siku ya kuleta mahari," alisema huku akiifungua barua, "mleteni yeye."