Kabla ya kulaumu nauli, hesabu roli

Mbolea ikipanda bei, jibu lipo tayari mfukoni: nauli ya meli. Linachosha. Na wanaolitoa mara nyingi ndio waliosaini mkataba wa kukodi meli baada ya kusoma dola kwa tani na tarehe ya kupakia, basi.

Haya, nauli kweli haituulizi. Oktoba 2021 fahirisi ya Baltic Dry, kipimo cha dunia cha nauli za meli za shehena kavu, ilivuka 5,000, na hakuna dalali wa Dar es Salaam wala Mombasa ambaye angeizuia. Lakini demareji, faini ya kuchelewesha meli kupita muda wa mkataba, tunajitakia wenyewe.

Chukua tani 30,000 za urea, meli imekodiwa kwa safari moja. Mkodi ameahidi kupakua tani 5,000 kwa siku ya kazi yenye hali nzuri ya hewa, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Ana siku 6. Hizo 5,000 zimetoka wapi? Mtu kachukua kreni 4 za meli, kazidisha kwa uwezo wa grabu, yaani koleo la kreni, ulioandikwa kwenye karatasi. Hongera zake. Ila grabu linamwaga kwenye hopa (faneli kubwa la gatini), hopa linajaza roli, roli linapanda mizani. Kwa roli za tani 30, hizo ni karibu roli 170 kwa siku: moja kila dakika nane na nusu, usiku na mchana. Foleni ikianza mizani, hopa hujaa na grabu hubaki linaning'inia. Saa ya muda wa kupakua haisimami. Mvua huisimamisha, kreni ya meli ikiharibika muda wake hukatwa, lakini uhaba wa roli ni msiba wako.

Tuseme zimetumika siku 11 za kuhesabika, na demareji ni dola 18,000 kwa siku. Siku 5 zilizozidi ni dola 90,000, yaani dola 3 juu ya kila tani. Na meli ikishaingia kwenye demareji haitoki: Jumapili inahesabiwa, sikukuu inahesabiwa, hata mvua ya masika inahesabiwa, huku milango ya ngama, tumbo la meli lenye shehena, imefungwa na makuli wamejikinga.

Halafu gati. Kwa GENCON ya 1994, fomu ya kawaida ya mkataba wa kukodi meli, notisi ya utayari (taarifa ya nahodha kwamba meli iko tayari) ikitolewa hadi saa sita mchana, muda wa kupakua unaanza saa saba siku hiyo hiyo. Ikitolewa baadaye ndani ya saa za ofisi, ni saa kumi na mbili asubuhi ya siku ya kazi inayofuata. Gati likiwa halina nafasi, nahodha anaitoa akiwa nangani nje. Foleni ya bandari ni mzigo wa mkodi, na wengi hulijua hilo ankara ikishafika.

Kwa hiyo kwenye mkataba ahidi tani 3,000 kwa siku, si 5,000. Mwenye meli ataongeza nauli, hatoi sadaka. Ila nyongeza uliyoijua kabla ya kusaini unaweza kuiweka kwenye bei. Demareji huja mbolea imeshauzwa. Zawadi ya kumaliza mapema, kwa kawaida nusu ya demareji, usiipigie hesabu kabisa.

Na mweke karani makini kwenye karatasi ya matukio ya bandarini. "Mvua alasiri" haimwondolei mkodi hata dakika moja. Aandike: saa tisa na dakika 20 milango ya ngama ilifungwa, saa kumi na moja kasoro dakika 10 ikafunguliwa, kisha nahodha atie saini siku hiyo hiyo.