Dibaga na Folda ya Shemeji

Ningependa kuuliza, kwa heshima zote, ni nani aliyeifundisha dibaga, yaani programu ya kusakia hitilafu za programu nyingine, kumkana mtu mzima mchana kweupe. Stima ilikuwa imerudi, bando ilikuwa bado na uhai na jua la Kisumu halijachachamaa, kwa hiyo niliketi kufuatilia hitilafu inayoiangusha programu yetu ya kupima samaki. GDB, ndiyo dibaga yenyewe, ikasimama papo hapo penye shida, ikanitajia mstari wa 212 wa faili ya mizani.c, kisha ikadai kwamba hakuna faili wala folda ya jina hilo. Karani wa ofisi ya chifu hukufanyia vivyo hivyo: anakutajia jina, ukoo na namba ya kitambulisho, halafu anaapa kwamba faili yako haijawahi kuwapo.

Nami faili ninaiona kwa macho yangu! GDB hii Richard Stallman aliianza mwaka 1986, na kwa umri huo nilitarajia busara kidogo.

Kumbe programu ikikompailiwa, yaani msimbo ulioandikwa na mtu ukigeuzwa kuwa programu ya kuendeshwa, kwa chaguo la -g, lile la kuisaidia dibaga, haibebi msimbo wenyewe. Hubeba namba za mistari pamoja na njia ya folda ambamo kazi ilifanyiwa siku ile. Dibaga huenda kubisha mlango huohuo wa zamani, na ikikosa hujaribu folda uliyomo wakati huo, basi. Nikaandika info source ili nijue inabisha kwa nani, ikanitolea anwani hii: /home/shemeji/Desktop/kazi mpya/mwisho/mwisho kabisa.

Nikampigia kijana wa Nakuru aliyeijenga programu yetu ya samaki.

"Kijana wangu, programu hii uliijengea wapi?"

"Kwa laptopu ya shemeji, mzee. Yangu iliingia maji."

"Na hiyo laptopu iko wapi?"

"Shemeji alienda nayo Eldoret. Lakini usijali mzee, faili zote nilikutumia."

"Faili ninazo. Folda ndiyo sina."

"Si folda ni jina tu, mzee?"

Nilinyamaza kidogo ili heshima yangu ipate mahali pa kukaa.

"Haya, na hii 'mwisho kabisa' ni ya nini?"

"Ile ya 'mwisho' ilikuwa na kasoro, mzee."

Nikamweleza kwamba GCC, programu inayokompaili msimbo, ina chaguo la -fdebug-prefix-map, ambalo lingebadilisha hiyo njia mapema na kutuepusha na ukoo mzima wa shemeji. Akajibu "sawa mzee" kwa sauti ya mtu anayekula.

Basi nikarudi kupambana peke yangu. Kuna amri ya directory, inayoiambia dibaga itafute pia katika folda fulani, lakini ukiitajia folda kubwa haijisumbui kuingia katika folda zilizo ndani yake, na mizani.c yangu ilikuwa humo ndani. Nikahamia set substitute-path, ambayo hupewa mwanzo wa njia ya zamani na mwanzo wa njia mpya, ikabadilisha moja kwa nyingine. Ikanigombeza kwamba nimetaja vitu vingi mno! Mimi nimetaja folda mbili tu, lakini kwa sababu kijana huyu huweka nafasi katika majina ya folda, GDB ilihesabu kila kipande kuwa kitu cha kujitegemea, hadi nilipoifunga njia yote kwa alama za kunukuu. Anayeandika "kazi mpya" bila kistari katikati anyang'anywe kibodi, na shemeji wake pia.

Hatimaye msimbo ukajitokeza. Mstari wa 212 una nini? Mabano ya kufungia, peke yake! Juu yake kuna onyo kwamba faili ni mpya kuliko programu. Onyo hilo hulinganisha tarehe tu, na faili zilizopitia simu hupewa tarehe ya siku zilipopokelewa, kwa hiyo huenda si neno. Lakini mabano hayajawahi kuangusha programu ya mtu. Nilitumiwa "mwisho" au "mwisho kabisa"? Kijana sasa hapatikani. Shemeji naye hapokei namba asizozijua, nadhani kwa hofu ya wadai wa mikopo ya simu, na hapo simlaumu hata kidogo, maana wale watu hupiga hata saa ya chakula, na wakikukosa wanampigia mama mkwe.