Simfoni ya Sita ya Mahler: rekodi ipimwe kwa mpangilio au kwa mwendo?

Ikitoka rekodi mpya ya Simfoni namba 6 ya Gustav Mahler, wachambuzi wengi hukimbilia kuuliza kama Andante, sehemu ya polepole, imewekwa ya pili au ya tatu kati ya sehemu zake nne, yaani kabla au baada ya Scherzo, sehemu ya kasi ya mapigo matatu. Wapo wanaoishusha alama kabla hata hawajasikiliza vizuri. Hoja za pande zote mbili zina uzito, lakini si hapo pa kuanzia.

Wanaotaka Andante itangulie wana historia mkononi. Mahler aliitunga kazi hii 1903 na 1904 akiwa ameipa Scherzo nafasi ya pili, na kampuni ya Kahnt ikaichapa hivyo. Wakati wa mazoezi ya onyesho la kwanza mjini Essen, Mei 1906, alizibadilisha nafasi, na mpaka anafariki 1911 hakuiongoza tena mbele ya watu kwa mpangilio wa awali. Mchapishaji alilazimika kutoa karatasi ya masahihisho. Mwaka 1919 kondakta Willem Mengelberg alimuuliza mjane, Alma, naye akajibu kwa telegramu: Scherzo kwanza, kisha Andante. Toleo la nota la mhariri Erwin Ratz la 1963 likafuata njia hiyo. Jumuiya ya kimataifa ya Mahler ikaigeuza 2003, Andante ikarudi ya pili.

Upande wa pili, unaotaka Scherzo itangulie, unategemea masikio kuliko nyaraka. Sehemu ya kwanza inamalizika kwa shangwe ya A meja (meja ni ngazi ya sauti yenye furaha, maina ya huzuni). Scherzo ikifuata papo hapo, kishindo kilekile cha A maina kinarudi na ushindi wote unafutika. Halafu Andante, iliyo katika E-flati meja, inakabidhi kwa ulaini finale, sehemu ya mwisho, inayoanza na C maina, na msikilizaji anapata pumzi kabla ya nusu saa ya misukosuko.

Kwa nyaraka, Andante kuwa ya pili inashinda. Kwa kutoa alama, hoja hiyo haitoshi, kwa sababu anayesikiliza nyumbani anaweza kupanga sehemu atakavyo. Kondakta John Barbirolli mwaka 1967 aliirekodi Andante ikiwa ya pili, lakini santuri zikauzwa Scherzo ikitangulia. Upigaji ni uleule. Kondakta Claudio Abbado naye aliweka Scherzo mbele akiwa Chicago, akaja kuweka Andante mbele akiwa Berlin.

Mwendo ndio usiopangika upya. Maagizo ya sehemu ya kwanza ni Allegro energico, ma non troppo: iwe na nguvu na kasi, isipitilize. Kosa la kawaida hapa ni kulinganisha dakika zilizoandikwa kwenye jalada. Ya Barbirolli na ya kondakta Leonard Bernstein akiwa New York, nayo ya 1967, zote zinacheza karibu dakika 21. Ila Bernstein anarudia robo ya kwanza ya sehemu hiyo kama nota zinavyotaka, na Barbirolli harudii. Maana yake Bernstein anakimbia na mwenzake anajikokota. Kabla ya kulinganisha, sikiliza kama lile gwaride la selo, besi na ngoma ndogo la mwanzoni linaanza upya baada ya dakika nne au tano.

Na hapa ndipo mpangilio unapopata maana. Kondakta anayeweka Scherzo ya pili halafu akaipiga kwa mwendo uleule wa gwaride anapata mwendelezo wenye kutisha, ilimradi mikazo ya mapigo matatu isikike waziwazi. Ikififia, ni kama sehemu moja imerefushwa bure.

Kisha pima uwiano wa ala. Karibu na dakika ya pili, tarumbeta zinapiga A meja kwa nguvu huku zikififia, na oboe zinaanza chini zikipanda, kodi (sauti kadhaa zinazolia pamoja) ikigeuka kuwa maina. Ukisikia tarumbeta zikizimika tu bila oboe kujitokeza, maikrofoni zimepangwa vibaya au kondakta hakusikiliza.

Nyundo kubwa inayopigwa kama ala katika finale inawasumbua zaidi mafundi wa sauti. Mahler alitaka mlio mfupi, mzito, usio wa chuma, kama pigo la shoka. Katika rekodi nyingi unachosikia ni ngoma kubwa tu. Mapigo ya nyundo yaliyobaki kwenye nota ni mawili, vipimo (visehemu vya nota vyenye namba) vya 336 na 479. La tatu, kipimo cha 783, mwenyewe aliliondoa, na Bernstein alilirudisha. Sioni sababu ya kumkata alama kwa hilo, maana hadithi anayoisimulia inalihitaji. Atakayemkata awe ameusikia mlio wenyewe kwenye spika yenye besi; simu haiutoi.

Linganisha rekodi mbili kwa kipande kilekile, na sawazisha sauti kwanza, kwa sababu iliyo juu kidogo huonekana bora hata kama si bora. Usisawazishe kwa kelele za mwanzo, tumia Andante. Mwishoni kabisa, baada ya trombone na tuba kunong'ona, okestra nzima inalipuka kwa A maina. Fundi aliyepandisha sauti ndogo ili zisikike kwenye gari ameuua mlipuko huo, na rekodi ya namna hiyo haiokolewi na mpangilio wowote.