Mtaalamu wa Ngamia

Kabla ya tarehe 14 Januari ya mwaka ule sikuwa nimepata kumpanda mnyama yeyote, ukimwondoa mbuzi mmoja wa jirani yetu kule Tanga, niliyemkalia nikiwa na umri wa miaka mitano, kosa ambalo lilimlazimu mama yangu kwenda kuomba radhi akiwa na sahani ya vitumbua. Hata hivyo nilijihesabu kuwa mtaalamu wa ngamia. Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya historia katika chuo kikuu kimoja nchini India, tasnifu yangu ilihusu ngamia wa vita, na kwa miezi minane mfululizo nilikuwa nikisoma habari zao asubuhi hadi usiku, kiasi kwamba wenzangu wa bwenini waliponiona naingia mesi na sahani yangu walianza kula kwa haraka.

Hawakuwa na makosa. Mtu akiniomba chumvi, nilimpa chumvi pamoja na habari za Akbar, mfalme wa Wamoghuli, ambaye mwandishi wake Abul Fazl aliorodhesha katika Ain-i-Akbari, mwishoni mwa karne ya 16, utaratibu wa mazizi ya ngamia wa kifalme: chakula chao, mapambo yao, na hata kanuni za kuwapaka mafuta mwilini na kuwatia mengine puani. Mtu akilalamika kwamba ameumwa na nyigu, nilimweleza habari za zamburaki, yaani mzinga mdogo uliofungwa juu ya tandiko la ngamia na kuzungushwa huku na huku kwenye mhimili wake, ambao jina lake limetokana na neno la Kiajemi lenye maana ya nyigu. (Sisi Waswahili, ambao chombo cha kufyatulia makombora na nyumba ya nyuki tumeviita vyote mzinga, hatuhitaji kuelezwa zaidi.) Nilimweleza pia kwamba katika vita vya Panipat, kaskazini mwa Delhi, tarehe 14 Januari 1761, jeshi la Ahmad Shah Durrani, mfalme wa Waafghani, lilikuwa na ngamia wengi wa namna hiyo lilipowavunja Wamaratha, watawala waliotoka magharibi mwa India. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kwenda Bikaner, katika jangwa la Rajasthan, na kugundua kwamba ningefika huko tarehe ileile ya Panipat, niliona kuwa ni ishara. Ilikuwa ishara kweli, ila niliisoma miguu juu kichwa chini.

Niliandamana na rafiki yangu mmoja wa Tarime, Mkurya aliyekuwa akisomea uhandisi, ambaye jina lake ni lile ambalo ukiliita sokoni kwao watageuka wanaume wengi: Chacha. Sasa, kwa Kihindi chacha ni baba mdogo, na ndivyo watu wanavyomwita kwa heshima mwanamume yeyote aliyewapita umri. Tangu tuliposhuka kwenye treni alfajiri, kila kijana alipomwita muuza chai, rafiki yangu aligeuka na kuitika. Hadi kufikia saa nne alikuwa ameitika mara tisa na kunywa vikombe vinne vya chai ambavyo hakuviagiza.

“Mwalimu,” akaniambia, “huku nina ukoo mkubwa kuliko wa nyumbani.”

Mwenye ngamia tuliyeelekezwa kwake, nje kidogo ya mji, alikuwa mzee wa jamii ya Raika, ambao ndio wafugaji wa ngamia wa Rajasthan tangu enzi na enzi. Alikuwa na kilemba chekundu kikubwa kama kapu la embe, na hereni za dhahabu masikioni. Alituketisha, akatupa chai iliyopikwa kwa maziwa ya ngamia, kisha akaanza kutusimulia, kwa Kihindi cha polepole ili nasi tumfuate, namna ngamia alivyopata kuwapo. Mungu wa kike Parvati alikuwa akicheza na udongo, akafinyanga mnyama wa ajabu mwenye miguu mitano, akamsihi mumewe, Shiva, amtie uhai. Mnyama akapata uhai, lakini kwenda akashindwa, maana miguu mitano iligombana. Shiva akausukuma ule wa tano uingie ndani, ukatokeza mgongoni, ukawa nundu. Ni hadithi tamu, na mtu mwenye akili timamu angenyamaza aisikilize hadi mwisho. Mimi nilimkatiza ili nimweleze mzee habari za ngamia.

Tena sikumweleza habari za ngamia wa mbali, bali wa Bikaner hiyohiyo, sawa na mgeni anayeshuka melini Tanga na kumfundisha bibi wa Pangani namna ya kukuna nazi. Nilimpa historia ya Ganga Risala, kikosi cha ngamia kilichoundwa mwaka 1889, chenye askari wapatao 500, na kubeba jina la Maharaja Ganga Singh, mtawala wa Bikaner, ambaye wakati huo alikuwa hajatimiza hata miaka kumi. Nilimweleza kwamba kikosi hicho kilipelekwa Uchina na Waingereza mwaka 1900. Kwamba kati ya 1902 na 1904 kilivuka bahari hadi Somalia kupigana na Sayyid Muhammad Abdullah Hassan, kiongozi wa Wasomali waliowapinga Waingereza, yaani kilifika upande wetu, jambo ambalo kwa maoni yangu lilitufanya mimi na mzee kuwa karibu mashemeji. Na kwamba mwaka 1915 kilikuwa Misri kikilinda Mfereji wa Suez dhidi ya Waturuki. Mzee alisikiliza, akaviangalia viatu vyangu, akauliza kama nimewahi kumpanda ngamia. Nikamjibu kwamba kinadharia nimempanda mara nyingi.

Alitaka kunipa jike mmoja mzee, mwenye macho ya usingizi, ambaye alisema hubeba hata watoto. Nilikataa. Nilimwonyesha dume kubwa la rangi ya kahawia iliyokolea, ambalo manyoya ya ubavuni yalikuwa yamekatwa kwa makasi yakafanyizwa maua na ndege, ufundi unaowapa sifa watu wa Bikaner, nikasema kwamba askari wa Maharaja hangekubali kupanda bibi wa watu. Mzee alisitasita. Alisema kwamba huu ni msimu wa baridi, na kwamba wakati wa baridi mawazo ya dume yako kwingine. Nilidhani anazungumzia malisho. Kwa kuwa mimi ni mtu mwangalifu, nikamuuliza kama kuna bima, neno ambalo kwa bahati njema ni lilelile kwa Kihindi na kwa Kiswahili. Akaniuliza kama nakusudia bima ya ngamia au ya kwangu, kwa sababu ile ya ngamia alikwisha kuikata.

Dume likapigishwa magoti. Kwa karibu ngamia ana harufu ya gunia lililolowa, na ana kope ambazo maharusi wa siku hizi hununua kwa bei ghali. Puani mwake kulikuwa na kijiti cha mbao kilichopenya ngozi, kimefungwa kamba nyembamba ambayo mzee aliishika kwa vidole viwili tu, kama mtu anayeshika uzi wa tiara. Nilipokwisha kukaa juu ya tandiko, mzee aliniambia mambo mawili: shika, na egemea nyuma. Kwa bahati mbaya ndipo nilipotambua kwamba kijiti changu cha selfi, kikirefushwa, kinafanana sana na zamburaki. Nikakichomeka mbele ya tandiko, nikainama mbele kama mpiga mzinga anayelenga adui, nikamwita Chacha atazame, nikaanza kumweleza kwamba mara nyingi mpiga zamburaki alimpigisha ngamia magoti kabla ya kufyatua, kwa sababu —

Sababu hiyo Chacha hajaijua hadi leo.

Katika vitabu vyote nilivyosoma hakuna kilichoniambia kwamba ngamia huinuka kwa miguu ya nyuma kwanza. Au kama kilisema, ukurasa huo niliuruka. Nyuma ya dume ilipanda juu ghafla, na mimi, niliyekuwa nimekwisha kuinama mbele kwa heshima ya Ahmad Shah Durrani, nikaendelea mbele. Nilikomea shingoni, nikiwa nimeikumbatia kwa mikono na miguu kama mkwezi aliyeishiwa nguvu nusu ya mnazi. Kabla sijapata kuomba msaada, miguu ya mbele nayo ikainuka, nikarushwa nyuma hadi kifandugu changu kikakutana na mbao za tandiko. Zamburaki yangu ikafyatuka kweli: simu ikaruka angani, ikaangukia mchangani. Mzee, ambaye ni muungwana, aliiachia kamba ili aniokotee.

Hapo ikasikika sauti kama ya sufuria ya uji inayochemka chini ya mfuniko. Pembeni mwa mdomo wa ngamia kikatokeza kitu kinene, cha rangi ya waridi, kilichojaa hewa kama kibofu, kikaning'inia huku povu likimwagika na kupeperushwa na upepo hadi miwani yangu ikawa haioni.

“Chacha!” nikapiga kelele. “Ngamia ametapika pafu!”

“Ana bima huyo!” akanijibu.

Baadaye nilielezwa kwamba lile si pafu. Ni kaakaa laini, ambalo dume hulijaza hewa na kulitoa nje wakati wa kutafuta majike, na kwa ngamia hiyo ndiyo barua ya mapenzi. Wakati ule sikujua, wala sikuwa nimewaona majike watano waliokuwa wakila matawi ya mikhejri, miti ya jangwani, kiasi cha mita 200 mbele yetu. Dume aliwaona. Ngamia huenda kwa kupeleka mbele miguu miwili ya upande mmoja kwa pamoja, kisha miwili ya upande wa pili, kwa hiyo aliye juu yake huyumba kushoto na kulia. Mimi ni mtoto wa pwani na nimekwenda Pemba kwa jahazi wakati wa kusi, lakini jahazi angalau halina haraka ya kuoa. Niliwafikiria askari wa Ganga Risala, waliofanya haya wakiwa na bunduki mkononi na Waturuki mbele yao, na heshima yangu kwao ikapanda mara dufu katika muda usiozidi dakika moja. Nilimwamuru ngamia asimame kwa Kiswahili, nikamsihi kwa Kiingereza, nikamtajia mama yangu. Kihindi changu chote cha miaka miwili kilikuwa kimebaki mchangani pamoja na simu.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu. Alikuwa mzee, na wajukuu zake wawili, na mama mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni, wote wakikimbia na kupaza sauti kwa umoja: “Ruko! Ruko! Ruko!”

Namwomba msomaji asinihukumu haraka. Kwa Kihindi, ruko maana yake ni simama, na neno hilo nilikuwa nikilitumia kila siku kusimamisha bajaji. Lakini mtu wa Tanga aliye juu ya ngamia anayekwenda kuoa, upepo ukimvumia masikioni na povu likiwa limemziba macho, akisikia watu wazima wenye uzoefu wanamwambia “Ruka! Ruka!”, hawezi kuanza kutafuta kamusi. Nilijiambia kwamba hawa wanamjua ngamia wao, na ikiwa wamefikia hatua ya kuniambia niruke, basi bila shaka mbele kuna korongo. Nikaruka.

Ngamia akasimama. Alisimama palepale, kwa utulivu kabisa, kwa sababu yeye Kihindi anakielewa.

Mimi niliangukia katika nyasi ambazo wenyeji huziita bhurat, ambazo mbegu zake zina vimiba vidogo vinavyong'ang'ania nguo na ngozi, na ukizilinganisha nazo, kishona nguo wetu ni pamba. Kwa muda wa karibu saa nzima nililala kifudifudi juu ya blanketi huku mzee akinitoa vimiba kimoja kimoja kwa kibanio, akivipanga juu ya kifuniko cha bati, na Chacha akivihesabu kwa sauti. Kwa kuwa sasa sikuwa na namna ya kumkatiza, mzee alimalizia hadithi yake: yule mnyama wa Parvati alipopata uhai alikuwa msumbufu mno, na hapo ndipo alipoumbwa Mraika wa kwanza, ili awepo mtu wa kumchunga. Aliniambia pia kwamba aliyewaleta ngamia katika nchi ya Marwar ni shujaa Pabuji, ambaye habari zake huimbwa usiku kucha mbele ya kitambaa kirefu kilichochorwa matukio yote. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wanawe hawataki tena kazi hii. Serikali ya Rajasthan ilimtangaza ngamia kuwa mnyama wa jimbo mwaka 2014, na mwaka 2015 ikatunga sheria ya kupiga marufuku kuchinjwa kwake na kudhibiti kutolewa nje ya jimbo, nia ikiwa njema. Lakini wanunuzi wa mbali wakapungua, bei ikaanguka. Nilitaka kumtajia takwimu za sensa ya mifugo. Chacha akanikanyaga kidole.

Siku kumi na mbili baadaye ilikuwa tarehe 26 Januari, Siku ya Jamhuri, na tuliketi katika ukumbi wa bweni kutazama gwaride la Delhi kwenye televisheni. Mimi niliketi juu ya mito miwili. Wakapita ngamia wa Kikosi cha Usalama wa Mipaka, ambao wamekuwa wakishiriki gwaride hilo tangu 1976, wamevishwa mapambo hadi magotini, na askari wenye masharubu yaliyosokotwa juu yao. Nyuma yao ikafuata bendi yao, iliyoanza kushiriki mwaka 1990, watu wazima wakipuliza tarumbeta wakiwa juu ya ngamia bila kushika chochote, tena katika mwezi huohuo wa Januari. Nilisogeza uso karibu na kioo ili nione wanavyokaa, na nilikuwa nimeanza kuwaeleza wenzangu habari za mwaka 1889 Chacha alipopiga kelele nyuma yangu:

“Ruko!”

Mwangalizi wa bweni, ambaye chai yangu yote ilimwagikia mapajani, bado anaamini kwamba kwetu hivyo ndivyo tunavyosalimia bendi.