Mbwa Anaitwa Nani?

Leo dereva wa bajaji kanishusha pale Kabwe, hapa Mbeya. Nimekaa vizuri, koti nimelifunga mpaka kidevuni, baridi ya Julai mnaijua, akanusa mara mbili: "Braza, umebeba nini?" Sijabeba kitu. Ni dawa ya kuogeshea mifugo, pamoja na zawadi niliyopewa jana na ng'ombe wa Uyole nikimpima joto. Kipimajoto cha ng'ombe kinaingia wapi, mnajua. Basi nikatembea, mtaalamu mwenye cheti, gambuti mkononi.

Kufika kliniki, foleni mpaka barabarani. Chanjo ya kichaa cha mbwa. Na wa kujaza kadi ni mimi.

Kadi ina mstari mmoja unaoniua: jina la mnyama. Mbwa wa huku ni barua ya malalamiko. Mtu akigombana na jirani haendi kwa mwenyekiti wa mtaa, anafuga. Nimeshawachoma Watasema, Wivu Tu na Mtajiju, wote nimewaita kwa sauti ya ofisi.

Akaja mama mmoja wa Isyesye, kitenge kimekazwa kifuani. "Shikamoo mama. Anaitwa nani?"

"Marahaba baba. Andika Rudisha Mpaka."

Nikaandika.

"Hebu soma, nione kama umepatia."

Nikasoma.

"Kwa sauti, baba. Masikio haya."

Masikio gani! Nyuma yake, mtu wa tatu, kuna mzee wa kofia ya pama kashika mbwa mweusi, anakagua dari kama fundi. Nikasoma kwa sauti. Sindano, mililita moja chini ya ngozi, mbwa hata hakushtuka. Mama akasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akalipa, akakaa kwenye benchi. Eti anampumzisha mbwa.

Zamu ya mzee. Akavua kofia, akakohoa.

"Andika Leta Hati."

Foleni nzima kimya, mpaka mbuzi wa mlangoni. Mama akainuka. "Dokta, huyo ana umri gani?"

"Miezi mitano, mama."

"Wangu miaka miwili! Sasa nani alianza?"

"Nilichelewa kujibu," mzee akasema, "nilikuwa natafuta mbwa."

Wakanigeukia mimi, niamue. Mimi! Wakati huo Rudisha Mpaka na Leta Hati wamelaliana chini ya benchi kama ndugu, kamba zimesokotana. Wenyewe hawainami, anayeinama kwanza kashindwa. Nikapiga magoti mimi kufungua mafundo, na mmoja wao, sitamtaja, akakojoa ndani ya gambuti.

Miaka miwili nimesomea ndigana kali na ndigana baridi, magonjwa ya ng'ombe yanayoletwa na kupe! Tezi ikivimba chini ya sikio la ndama naiona kabla sijashika. Nani ananiuliza? Juzi mzee kaomba nimchome sindano ya mgongo, eti yeye na ng'ombe wake wanaumwa palepale. Mwingine kideri kimeua kuku kumi na tisa, ndio analeta wa ishirini achanjwe. Ukimwambia chanjo si dawa, anasema umeringa.

Na malipo ni parachichi. Nina kumi na nne chumbani, ngumu kama mawe, na nazijua, zitaiva zote Alhamisi saa nane mchana. Kuku siwezi kuwapa, zinawadhuru. Nimefikiria nimpelekee mwenye nyumba, tupoze mambo kidogo, ila naye ana mbwa wa kuchanjwa Jumamosi. Anaitwa Kodi Lini.