Mchele wa Kyela Sina

Asubuhi ya leo hata uso sijanawa, mlango unagongwa. Jirani. Kajifunga kanga vizuri, kashika kindoo chenye mfuniko. Salamu zikawa ndefu kuliko kawaida: za safari, wazee hawajambo, baridi ilikuwaje huko. Kisha kindoo kikasogezwa mbele. "Nimesikia umetoka Mbeya, nikasema jirani hawezi kunisahau na mchele wa Kyela, hata kilo mbili tu."

Ndugu zangu, mimi sikwenda Kyela. Nilikwenda Tukuyu. Ukitaka Kyela, unatoka Tukuyu unashuka milima mpaka joto la Ziwa Nyasa likupokee, na mpunga uko huko chini. Mwingine uko Mbarali, ambako basi letu lilipita bila hata kupunguza mwendo. Tukuyu kuna ndizi, chai, maparachichi na mvua. Lakini mweleze hayo mtu wa Mbagala uone. Kwake, ukishavuka Morogoro na usiku ukakukuta hukohuko, umeufuata mchele. Mpaka saa nne walikuwa wameshafika wanne, na mmoja kaja na kiroba.

Ingekuwa nilikwenda kustarehe ningenyamaza. Nilitumwa. Mama watoto ana shangazi yake aliyemlea, na huyo shangazi kila akipiga simu wimbo ni mmoja: mkwe hajawahi kufika kwetu, au anatuona sisi washamba? Mama watoto kazini wakamnyima likizo, basi ikaamuliwa niende mimi kuwakilisha. Sikushirikishwa kwenye huo uamuzi. Nikajipa moyo: nitasalimia siku moja, zinazobaki nitembee kama watu wengine wanavyotembea, nione nchi. Nikaandika na orodha kwenye karatasi: Daraja la Mungu, Kijungu, Ziwa Ngosi, Kimondo cha Mbozi. Kofia nikanunua.

Njia yenyewe siisimulii, wote tumepanda mabasi. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, lakini mama watoto akasema panda la mchana uangalie wanyama Mikumi. Niliangalia. Makalio ya nyani wawili. Ruaha Mbuyuni nikasukumiwa fungu la vitunguu dirishani, basi likaondoka muuzaji analikimbilia, mimi nimeshika vitunguu yeye ameshika elfu tano yangu. Mlima Kitonga tuliupanda nyuma ya lori la mafuta liendalo Zambia. Ningeshuka nikatembea ningelisubiri juu nikiwa nimeshakunywa chai. Na pale tuliposhushwa kula, tulipewa dakika kumi, wakati foleni ya choo peke yake ni robo saa.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mzee wa Kihehe aliyelala tangu Chalinze. Tulipofika Lugalo akazinduka, akanishika mkono kwa nguvu: "Hapa, 1891, Mkwawa aliwapiga Wajerumani. Kamanda wao Zelewski alikufa hapahapa." Nikasema, "Hongera, mzee." Akaitikia asante, akalala tena.

Mji wa Iringa wenyewe uko juu kilimani, basi linapita chini Ipogolo. Isimila kwenye zana za mawe nimekuona kibao chake. Kibao kizuri. Kuanzia Mafinga baridi ikaanza kuingia kwa dirisha la abiria wa mbele, lisilofunga, na yeye kavaa koti.

Sasa shangazi.

Nililala Mbeya mjini, gesti moja iliyoniahidi maji ya moto. Yalikuwepo kweli, kwenye ndoo, moja, kwa wageni wote. Asubuhi nikapanda kosta, nikafika kwa shangazi saa nne, manyunyu yanadondoka, Mlima Rungwe umejifunika mawingu hadi kiunoni. Shangazi ni mama mfupi, mpole, sauti ya chini. Msidanganyike. Alinishika mikono yote miwili, akanitazama kutoka kofia hadi viatu, akatamka neno moja.

"Umekonda."

Mimi! Mimi ambaye mkanda wangu nimeuongezea tundu kwa msumari!

Nikakaribishwa ndani. Ikaja chai ya maziwa, magimbi, viazi vitamu, na parachichi moja lililojaza sahani likiwa peke yake. Nikala kwa adabu zote, nikijua ndicho chakula chenyewe. Nikafuta mdomo, nikashukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga, shangazi, nimeshiba kabisa. Sasa naomba nikaone Daraja la Mungu, niwahi kurudi."

"Chakula kinakuja."

"Shangazi, si nimekula?"

"Hiyo ni chai, baba."

Kikaja. Sinia la ndizi, zile wenyewe wanaziita mbalaga, zimelala na maharage. Jagi la maziwa mgando. Na kuku mzima wa kienyeji, aliyechinjwa kwa heshima yangu, maana asubuhi naingia nilimwona jogoo uani na sasa uani kumetulia. Firigisi ilikuwa juu, peke yake, imewekwa upande wangu. Watoto watano walikuwa mlangoni wanaitazama ile firigisi, na mimi naitazama, na shangazi ananitazama mimi.

"Daraja halina miguu," akasema. "Wewe kula."

Nikala. Sasa kuna ufundi ambao mjini hatuna. Ukila haraka anaongeza, kwa kuwa ulikuwa na njaa, maskini. Ukila polepole anasema kimepoa, kinarudishwa jikoni kupashwa, na kikitoka jikoni kimezaa. Ukifunika sahani kwa mkono unaonekana una kiburi. Mtoto mmoja akaniuliza kama ni kweli treni ya Dodoma inatumia umeme. Nikageuza shingo kumjibu, kurudisha macho nikakuta ndizi mbili ambazo sikuwa nazo.

Nikajaribu ugonjwa. "Shangazi, daktari amenikataza kula sana."

"Daktari wa wapi?"

"Wa mjini kwetu."

"Alikutaja kuku wa Rungwe?"

"Hapana, shangazi."

"Basi hakukukataza kuku wa Rungwe."

Nilikuwa bado natafuta jibu, mama mdogo akaingia na hotpoti. Hakusalimia kwanza. Akaliweka mezani, akafunua, mvuke ukanipiga miwani. "Mwenzangu, tumesikia tangu juzi kwamba unakuja. Ule kwa dada, kwangu usiguse, watu waseme mimi nimemfanya nini mkwe?" Nani aseme? Watu gani? Mbele ya nyumba kuna migomba, nyuma kuna migomba, pembeni kuna chai. Lakini aliposema hivyo nikaona ni kweli, watu watasema. Nikala.

Kijana mdogo akafika anahema. "Babu anasema amekaa mlangoni."

Hakusema babu anakuita. Hakusema babu amepika. Amekaa mlangoni. Shangazi na mama mdogo wakasimama wote wawili kwa pamoja, wakanipa mwavuli.

Kwa babu ni kupanda. Nilipanda nimejishika mgongo, wamama wajawazito wa njiani wananipa pole. Babu kweli alikuwa mlangoni, kwenye kigoda, kavaa koti la sufu na kofia. Ndani, ndizi tena, safari hii na nyama. Babu hazungumzi. Anatazama sahani. Ukipunguza, anakohoa, na mjukuu anaongeza. Nikafungua tundu la msumari. Halikusaidia kitu. Nikavua mkanda mzima nikaukunja mkononi, nikajifanya nasikia joto. Tukuyu. Mwezi wa saba.

Hapo, ndugu zangu, heshima ikanitoka. Mimi ni mweka hazina wa chama cha kuzikana, nimezoea kusema na watu taratibu, lakini nilijisikia nimesimama katikati ya nyumba ya mzee wa watu, kijiko mkononi, napaza sauti: "Jamani mimi ni binadamu! Nina tumbo moja! Moja tu nililozaliwa nalo!"

Kimya. Mvua inasikika kwenye bati. Babu akanitazama kwa muda mrefu, kwa huruma hasa. Akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Mpeni maziwa, ateremshe."

Daraja la Mungu nililiona kesho yake, pale Kiwira jirani na Chuo cha Magereza, kwa sababu mjomba alikubali kunisindikiza. Alikubali, wala sikumwomba. Tulikwenda mshikaki, dereva wa bodaboda mbele, mjomba katikati, mimi nyuma nimekaa nusu kwenye siti nusu kwenye matumaini. Daraja ni mwamba wa volkano umelala juu ya Mto Kiwira, mto unapita chini yake unanguruma. Mimi nilitaka kukaa hapo nitulie. Mjomba akaanza: "Hili hakulijenga mkandarasi, ndiyo maana limesimama mpaka leo." Kisha akaingia kwenye barabara ya kijijini kwao, nani alipewa tenda, nani alikula, akamaliza baada ya nusu saa. Picha nilizopiga zote mjomba yuko mbele ya daraja, kifua mbele, mikono nyuma. Daraja linaonekana kidogo kwapani.

Kijungu, ambako mto unatumbukia kwenye shimo la mwamba, aliniachia dakika tatu. "Maji yanaingia, yanatoka. Twende, shangazi yako anangoja na chakula." Njiani akaniambia habari za kipunji, yule kima wa misitu ya Rungwe ambaye wanasayansi walimtangaza kwa dunia mwaka 2005. Mjomba hajawasamehe mpaka leo. Marehemu baba yake alikuwa akimfukuza mnyama huyohuyo kwenye mahindi, na hakuna mwandishi wa habari aliyekuja.

Ziwa Ngosi, wanalosema ni la pili kwa ukubwa Afrika kwa maziwa ya kreta, linataka upande msituni kwa miguu kwenye tope. Nilifika pale njia inapoanza. Tumbo likakataa. Na Kimondo nacho, nilipokiulizia, nikaambiwa kwanza nirekebishe usemi, Mbozi si Mbeya tena, ni mkoa wa Songwe tangu 2016. Sawa. Donge la chuma, urefu kama mita tatu, wanakadiria tani zaidi ya kumi, limetoka mbinguni likatua Mbozi moja kwa moja bila kupitishwa kwa shangazi. Limebahatika.

Siku ya kuondoka ndipo nikajua mimi si mgeni, ni lori. Mikungu mitatu ya ndizi. Kiroba cha viazi. Kiroba cha maparachichi. Kidumu cha maziwa mgando kilichofungwa kwa nailoni na maombi. Shangazi anagawa: "Huu mkungu wenu. Huu wa mwanangu wa Tabata. Huu wa mdogo wake, yuko Bunju, si ni hapohapo Dar?" Shangazi, Mbagala na Bunju! Ukitoka huku alfajiri unafika kule umebadilika umri! Lakini nilishajifunza. Nikasema ndaga.

Stendi, utingo akauzunguka mzigo wangu mara mbili, hana mzani, anapima kwa jicho. "Hii elfu thelathini, mzee." Nikamwambia kijana, tangu 2017 serikali imesema mazao yasiyozidi tani moja hayatozwi ushuru. Akanijibu kwa heshima kabisa: "Hapo serikali ilisema ushuru, mzee. Hili ni buti." Nikalipa. Maziwa yalifika. Yalifikia kwenye begi la mtu mwingine, na huyo mtu tulisafiri naye mpaka mwisho wa safari bila kusemezana.

Na haya maparachichi sijui niyafanyeje. Siku zote yalikuwa magumu, ukigonga mlango kwa parachichi mlango unafunguliwa. Jana jioni yameiva yote. Yote! Yamekubaliana. Tumekula na mkate, na wali, na ugali, mtoto wa mwisho amepakwa kichwani. Mtu atauliza kwa nini nisiuze. Nimeuliza kwa muuza matunda pale kituoni, yeye anauza moja elfu moja, mimi akataka kuninunulia mia mbili. Nikamwambia haya yametembea zaidi ya kilometa mia nane. Akasema yake pia.

Sasa hivi mtu wa Bunju kapiga simu. "Shemeji, mkungu wangu unaniletea leo? Usiupakie kwenye daladala zenye watu wengi, utachubuka." Nikamweleza taratibu: Mbagala mpaka Makumbusho, Makumbusho mpaka Tegeta, Tegeta mpaka Bunju, na makonda wa siku hizi mkungu ukikaa kwenye kiti unalipa nauli, ukikaa mlangoni unalipa nauli na matusi. Je, hatuwezi kukutana katikati? Akacheka. Akasema nisiwe na wasiwasi kabisa, tena nikifika nisiwe na haraka ya kuondoka, maana shangazi kampigia kumwambia kwamba nimekonda, na ameshaweka maharage jikoni.