Kamera iliyokufa na woga wa bisibisi

Kamera ndogo ya dijitali ikigoma, ushauri wa kwanza ni: usiifungue, mpelekee fundi. Una mashiko, ila kwa kamera ya zamani malipo ya fundi mara nyingi huzidi thamani ya kamera yenyewe. Hapo fundi hayumo tena katika hesabu: itatengenezwa nyumbani, au itazeekea kwenye droo.

Tena hitilafu nyingi hazihitaji hata kuifungua. Kamera ya betri za AA isiyowaka, kagua vibati vinavyogusa betri. Betri za alkali zikivuja huacha ukoko mweupe; kijiti cha pamba chenye siki kidogo huuondoa, kisha alkoholi ya asilimia 90 au zaidi hufuta siki. Lenzi iliyokwama katikati huenda imebana punje ya mchanga. Igeuze itazame chini, pitisha ukanda wa karatasi kati ya mapete yake, puliza kwa pampu ya mpira. Kuivuta kwa nguvu ndiko kunakoiua, maana gia zake nyingi ni za plastiki na jino likivunjika ndiyo basi.

Hoja nzito ya wanaokataza ni kapasita ya flashi, yaani kifaa kinachohifadhi umeme wa kuwasha flashi. Wana haki ya kuiogopa, ingawa huitaja kama jini badala ya kueleza inavyofanya kazi. Ni kimkebe cha mviringo, kwa kawaida cheusi, kilicho karibu na flashi, na huchajiwa hadi karibu volti 300. Ikiwa ya mikrofaradi 120, hubeba takriban jouli 5.4: hukupiga shoti kali, huunguza ngozi, na mkono unaporuka hurarua mkanda wa saketi (utepe mwembamba wa nyaya) ulio jirani. Mwenye ugonjwa wa moyo asiiguse kabisa. Kutoa betri hakuimalizi, kwani chaji huweza kubaki kwa siku kadhaa. Ubaya zaidi ni kwamba hukupiga pale unapobandua gamba, kabla hujaiona, kwa hiyo upande wa flashi usishikwe kwa vidole vitupu.

Kuna wanaounganisha ncha zake kwa bisibisi ili kuimaliza chaji. Cheche inayoruka hapo huweza kuharibu saketi ambayo ilikuwa nzima. Tumia rizista (kipande kinachopunguza kasi ya umeme) ya kilo-omu 2, wati 5, yenye nyaya zilizofunikwa vizuri, uigusishe ncha zote mbili kwa sekunde 5. Kwa kapasita hiyo ya mikrofaradi 120, baada ya sekunde 1.2 tu chaji iliyobaki haifiki asilimia 1. Pima kwa mita ya volti, ngoja dakika moja, upime tena, kwa kuwa volti kidogo hujirudisha. Mwenye kufuata hayo ana kazi ya kawaida mbele yake.

Baada ya hapo maadui ni wadogo. Skrubu za kamera nyingi za Kijapani ni za msalaba wa JIS, kiwango cha viwanda cha Kijapani; bisibisi ya msalaba wa kawaida hupanda na kuzila vichwa. Zibandike kwenye karatasi iliyochorwa umbo la kamera, kila moja mahali pake, maana skrubu ndefu ikiingia tundu la fupi hutoboa ubao. Mikanda ya saketi usiichomoe kabla ya kufungua kilango cha soketi: vingine huinuka, vingine huteleza nje.

Wanaokataza wanashinda kwenye sensa, yaani kibao kinachonasa picha nyuma ya lenzi. Mwaka 2005 watengenezaji kadhaa walikiri kuwa sensa za aina ya CCD zilizotengenezwa na Sony ziliharibika kwenye joto na unyevu, zikatoa picha nyeusi au zilizopinda. Bisibisi isingesaidia kitu, na wao wenyewe walizibadilisha bure. Hata sensa nzima, skrubu zinazoishikilia ndizo zinazopanga umbali wake na lenzi, wakati mwingine kwa vibati vyembamba chini yake. Zikilegezwa, kamera itawaka vizuri kabisa na kila picha itatoka na ukungu upande mmoja.